Ghorofa kwenye kiwanja cha mtu: kisa cha Fallout: London

Siku ilikuwa imeshapangwa: 23 Aprili 2024, sikukuu ya Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza. Kundi la wapenzi wa gemu linalojiita Team FOLON, watu waliokuwa wakifanya kazi kwa kujitolea miaka kadhaa, lingeachia Fallout: London, nyongeza kubwa ya gemu ya Fallout 4, bure kabisa kwa kila mwenye gemu hiyo. Takribani wiki mbili kabla ya siku hiyo, tamthilia ya Fallout ikaanza kuonyeshwa Amazon Prime, na watu waliokuwa wameisahau gemu ya mwaka 2015 wakarudi kuicheza kwa fujo. Wenye gemu yao, Bethesda, nao wakatangaza la kwao: apdeti kubwa ya Fallout 4 itatoka tarehe 25 Aprili. Yaani umeshagawa kadi za harusi, turubai limefungwa, na mwenye nyumba anakuja kukwambia keshokutwa anabomoa ukuta wa sebuleni.

FOLON wakaahirisha. Kiongozi wao, Dean Carter, aliieleza BBC kwa maneno ya uchungu namna apdeti ile ilivyowaharibia hesabu. London ikatoka mwishowe tarehe 25 Julai, miezi mitatu baadaye.

Kila ninapoulizwa kama hiyo London ni nzuri au mbovu, hujikuta najibu yote mawili kwa pumzi moja, na anayeuliza huniona nakwepa. Sikwepi. Uzuri wake na ubovu wake vimechimbwa shimo moja. Ni ghorofa lililojengwa kwenye kiwanja cha mtu, na ukilielewa hilo utaelewa hata kwa nini treni ya mwanzoni ilikuwa ikiwazimikia watu.

Modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayofanywa na wapenzi wake, si kitu kigeni kwetu. Aliyewahi kuendesha kwenye simu ile gemu ya mabasi ya Kiindonesia, akakuta basi limepakwa rangi za kampuni ya mikoani anayoijua, huyo ameshacheza modi. Kuna kijana mahali fulani alikesha akipaka rangi lile basi, hakulipwa, na waliotengeneza gemu huko Indonesia huenda hata jina lake hawalijui. Fallout: London ni ndugu wa basi hilo. Ila kijana wa basi alibadilisha rangi ya gari, hawa wamebadilisha nchi.

Gemu zote kuu za Fallout, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1997, zimekaa Marekani: California, kisha Washington mwaka 2008, jangwa la Mojave mwaka 2010, Boston mwaka 2015. Utani wake wote umesimama juu ya Marekani ya miaka ya 1950, ile ya friji za duara na matangazo ya tabasamu, iliyogandishwa hivyo hivyo hadi bomu la nyuklia likaishukia. Ukiuhamisha utani huo London, hatari ya kwanza ni kuishia na kadi ya posta: basi jekundu, kikombe cha chai, mlinzi mwenye kofia ya manyoya, basi. FOLON hawakunasa kwenye mtego huo, au tuseme walinasa kidogo tu, na hapa ndipo nawavulia kofia.

Walichofanya ni kujiuliza: nchi hii ikiteketea, nini kingebaki tofauti na Marekani? Jibu la kwanza ni bunduki. Marekani ya Fallout imejaa silaha kila droo, kwa sababu Marekani yenyewe imejaa. Uingereza ina sheria kali za silaha, kwa hiyo katika London ya mwaka 2237 bunduki ni haba na risasi ni haba zaidi. Unapigana kwa kisu, kwa bomba la chuma, kwa ile fimbo pana ya kriketi. Jibu la pili ni pesa. Kwenye Fallout za kawaida watu hununua vitu kwa vifuniko vya soda. London wanatumia tiketi. Kitu kidogo, lakini saa ya kwanza unapomkabidhi muuza duka furushi la tiketi upate bandeji, unahisi uko kwingine. Hakuna aliyekuhutubia kuhusu historia, mkono wako umeielewa wenyewe.

Jibu la tatu ndilo tamu kuliko yote: matabaka. Westminster wanakaa Gentry, mabwana wakubwa walioamini kwamba dunia kuisha si sababu ya kupoteza adabu za mezani. Wanalindwa na Tommies, askari waliovaa kama wametoka kwenye mahandaki ya vita ya babu zao. Nje ya kuta kuna 5th Column, vuguvugu la hasira linaloongea lugha ya mtu wa chini huku likinusa udikteta. Kuna Camelot, wanaomsubiri Mfalme Arthur na mavazi ya chuma mwilini. Kuna magenge ya mtaani, Vagabonds na wale wa Isle of Dogs, na kuna Thamesfolk, watu ambao mto umewabadilisha miili na ambao kila mtu anawatemea mate. Huwezi kuchagua upande ukalala usingizi mzuri. Nilipoanza nilijiona mtu wa wanyonge, nikamsogelea anayezungumza kwa ajili ya wanyonge, na baada ya misheni chache nikaanza kuangalia nyuma yangu. Gemu nyingi za kampuni kubwa huogopa kukuacha na wasiwasi wa namna hiyo. Zinataka ujue mapema nani mbaya ili usije ukarudisha gemu dukani.

Sasa njoo kwenye mazungumzo, kwa sababu hapa wapenzi waliwafunza wenye kazi kazi yao.

Fallout 4 ilimpa mhusika sauti. Ilionekana maendeleo, lakini sauti ni gharama, kwa hiyo kila mazungumzo yalibanwa kwenye vijibu vinne vya neno moja au mawili. Unabonyeza palipoandikwa kejeli, halafu mhusika wako anatoa sentensi nzima ambayo hukuikusudia, na mwenzako kakasirika. Watu walilalamika miaka. London imemnyang'anya mhusika sauti. Orodha ya majibu inakuja imeandikwa kamili, neno kwa neno, kama zilivyokuwa Fallout za zamani, na baadhi ya majibu yanafunguka kwa sababu ya ulivyomjenga mtu wako: kama umempa akili, kama umempa mdomo mtamu. Unasoma, unafikiri, unachagua ukijua unachokwenda kusema. Kwa msomaji wa Kiswahili anayecheza kwa Kiingereza cha shule ni afadhali kubwa pia, maana una muda wa kulielewa swali kabla ya kujibu. Utani wa London mwingine utakupita, hilo likubali mapema.

Na wanaokujibu wana sauti za watu. Colin Baker na Sylvester McCoy, wote wawili waliowahi kuwa Doctor Who kwenye televisheni ya Uingereza, wamo. Neil Newbon, aliyempa uhai mhusika Astarion wa gemu ya Baldur's Gate 3, yumo. Hata John Bercow, aliyekuwa Spika wa Bunge la Uingereza mpaka mwaka 2019 na kujulikana duniani kwa kupiga kelele za kutuliza wabunge, yumo. Hebu fikiria vijana wa Sinza wanatengeneza modi ya basi halafu Spika mstaafu anakubali kuwa sauti ya kondakta. Kazi ya kujitolea iliyofika hapo ina mvuto ambao pesa peke yake hainunui.

Lakini ghorofa lina msingi, na msingi ni wa mwingine.

Turudi kwenye zile bunduki haba. Wazo ni zuri kwenye karatasi na zuri kwenye hadithi. Mkononi linauma. Fallout 4 ilijengwa iwe gemu ya kufyatua, na mapigano ya karibu yaliwekwa kama kachumbari pembeni ya sahani: unapiga, unazuia, unarudi nyuma, unapiga tena. FOLON wakaifanya kachumbari kuwa chakula chenyewe. Saa za mwanzo, ukiwa na kisu na damu kidogo, watu watatu wakikuvamia uchochoroni hakuna ufundi utakaokuokoa, kwa sababu injini, ile programu ya ndani inayoiendesha gemu, haina huo ufundi wa kukupa. Unakufa, unarudi, unakufa. Nilishusha kiwango cha ugumu bila aibu, na nakushauri ufanye hivyo hivyo mpaka upate silaha ya maana. Kosa la kubuni hapa silioni, na la uvivu halipo kabisa. Wazo la London limewekwa juu ya mifupa ya Boston, na mahali ngozi na mfupa visipokutana, panavuja.

Pili, msongamano. Katikati ya Boston ya Fallout 4 tayari palikuwa pakijulikana kwa kukwamisha mashine nzuri, kwa sababu ya majengo mengi yaliyobanana. London ni mji uliobanana karibu kila upande, nao wameujaza vichochoro, baa, stesheni na madirisha. Ni raha ya macho na ni adhabu ya kompyuta. Wiki ya kwanza malalamiko yalikuwa mengi mno: gemu inajizima, picha zinaganda, na wengine walikwama palepale mwanzoni, kwenye lile tukio la treni baada ya kutoroka maabara, kabla hawajaliona hata jua la London. Timu yenyewe iliwaelekeza watu waweke Buffout 4, modi nyingine ya wapenzi wengine inayoziba mianya ya injini. Marekebisho yao wenyewe yakafuata, moja baada ya jingine, na hali ikawa nafuu sana. Anayeanza leo hatateseka kama wa Julai 2024. Lakini angalia mnyororo: gemu ya kampuni, juu yake modi, na ili modi isimame inaegemea modi ya watu wengine.

Kiungo kigumu kuliko vyote kwenye mnyororo huo kinaitwa F4SE. Bethesda walitoa zana za kutengenezea modi bure mwaka 2016, lakini zana zile zina mipaka. F4SE ni programu ndogo, nayo ya wapenzi, inayofungua milango ambayo wenye nyumba hawakuitolea funguo. Inafanya hivyo kwa kujua mambo yalipo ndani ya faili kuu la gemu, kama fundi anayejua bomba la maji limepita ukuta gani bila kuona ramani. Faili hilo likibadilishwa, hata kwa jambo lisilohusiana, mabomba yamehama. Fundi anatoboa palepale alipozoea na maji hayapo. Ndicho kilichotokea tarehe 25 Aprili. Apdeti haikukusudia kuigusa London. Ilitosha tu kwamba iligusa faili.

Je, Bethesda walikosea? Hapa natofautiana na wengi waliowatukana. Apdeti ile haikuwa siri: waliitangaza tangu Oktoba 2022, wakisema ingetoka 2023, ikachelewa. Kila mwenye modi kubwa alijua iko njiani. Kisichojulikana kilikuwa siku, na siku ikatajwa zikiwa zimebaki kama wiki mbili. Mwenye nyumba ana haki ya kupaka rangi nyumba yake. Kumpigia hodi mpangaji anayejulikana mtaa mzima kwamba ana sherehe, huo ungekuwa ungwana, na ungwana haumo kwenye mkataba. Nao FOLON, kwa upande wao, walitangaza tarehe ya sherehe wakiwa wanajua mafundi rangi wameshalipwa. Trela yao ya mwaka 2021 ilikuwa imewapa jina, na jina likikua linadai tarehe.

Suluhisho walilolipata lina sura mbili. Modi yenyewe ni kati ya GB 30 na 40, mzigo usiobebeka popote tu, kwa hiyo walishirikiana na GOG, duka la gemu la Poland, ambalo liliipa London mahali pa kushushia na njia rahisi ya kuiweka kwa wenye Fallout 4 iliyonunuliwa hapo. Kwa hesabu za GOG wenyewe, zaidi ya watu 500,000 waliichukua ndani ya saa 24 za kwanza. Aliyenunua Fallout 4 kwenye duka la mtandaoni la Steam ilibidi kwanza airudishe nyuma, kwenye toleo la 1.10.163 la kabla ya apdeti, halafu ndipo aanze. Aliyenunua kwenye duka la Epic akaambiwa kwake haiwezekani. Mwenye konsoli hakuwa hata kwenye mazungumzo: Xbox iliruhusu modi za Fallout 4 zenye jumla ya GB 2, PlayStation chini ya GB 1, na F4SE kule haiingii. Na lazima uwe na nyongeza zote rasmi za Fallout 4. Kwa hiyo London ni bure, sawa, ila bure yake inafanana na lifti ya kwenda Morogoro ambayo lazima ukaipandie Kibaha.

Kwa sisi ongeza bando. Gemu mama peke yake ni mzigo, juu yake zije hizo GB 30 na ushee. Mimi nilihamia kwa shemeji siku mbili, kwa sababu kwake kuna waya wa faiba. Nilibeba mashine yangu ya mtumba niliyoiunga kipande kwa kipande Kariakoo, nikaiweka kona ya sebule, nikawa nakula wali wao huku mstari wa kijani unatambaa. Usiku wa pili dada aliniuliza kwa upole kama nimegombana na mwenye nyumba wangu. Nilimwambia kuna London inashuka. Alinitazama kidogo, akaenda kulala.

Kuna ubovu mmoja ambao hauna uhusiano na injini, na watu hawapendi kuusema kwa sababu kazi ni ya bure. London haina mtu wa kusema kata. Kwenye kampuni yupo mtu mmoja, kwa kawaida hapendwi, ambaye kazi yake ni kuingia ofisini na kusema misheni hii nzuri lakini inachelewesha, itoke. Anafanya hivyo kwa sababu kila wiki ni mshahara. Kwa wanaojitolea, unamwambiaje mtu aliyetoa usiku wake wa mwaka mzima kwamba mtaa wake haumo? Humwambii. Unauweka. Ndiyo maana London ni kubwa kiasi cha gemu mama yenyewe, na ndiyo maana ubora wake unapanda na kushuka kama barabara ya vumbi. Kuna misheni utaipata kwenye baa, imekaa kama hadithi fupi nzuri, ina miisho mitatu, kila mmoja una uzito. Ukitoka hapo mtaa wa pili unapewa ya kwenda kuokota kitu na kurudi. Hadithi kuu nayo inakupoteza katikati, kwa sababu kila kundi lina mwandishi wake aliyelipenda na kila mmoja anataka dakika zake.

Lakini upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: vichochoro. Mhasibu yeyote angevikata vile vichochoro vya kwanza kabisa, vile visivyopeleka popote, vyenye chumba kimoja, mifupa miwili kitandani na barua mezani. Hakuna misheni humo. Hakuna zawadi zaidi ya kopo la chakula. Mtu fulani alikaa usiku akapanga sahani zile, akageuza kiti kitazame dirishani, kwa ajili ya mchezaji mmoja kati ya elfu atakayesukuma mlango. Nilisukuma. Nikakaa humo ndani dakika tano sifanyi kitu.

Modi hii imekuwa vilevile barua ya maombi ya kazi. Aliyekuwa mkuu wa uandishi wa timu alichukuliwa na Bethesda yenyewe kabla kazi haijaisha. Kwake hongera. Kwa timu ni fundi mkuu kuondoka nyumba ikiwa kwenye lenta. Wanaojitolea wana haki ya kuondoka siku yoyote, na anayeondoka mara nyingi ni yule aliye bora.

Baadaye GOG wakaleta njia ya kuiweka London kwa kubofya mara moja, na nusu ya maumivu niliyoyaeleza hapo juu yakaisha kwa atakayepitia mlango huo. Nusu nyingine ilirudi tarehe 10 Novemba 2025. Fallout 4 ilitimiza miaka 10, Bethesda wakatoa toleo la maadhimisho, faili kuu likaguswa tena, na modi chungu nzima zinazoegemea F4SE zikalala chini asubuhi moja.

Mimi yangu ilikuwa salama. Siku ileile London iliposimama vizuri kwenye mashine yangu nilizima apdeti, nikanakili folda nzima kwenye diski ya nje, nikaandika juu yake kwa maka peni: USIGUSE. Iko kwenye droo, chini ya bili za maji.